Boksi la huduma ya kwanza nililonunua mjini Mwanza: linafaa, ila msilitundike ukutani kama lilivyotoka dukani

Wadau wa Mwanza, hasa nyie wa Mwaloni Kirumba, Igombe, Kayenze na wote mnaoshinda na visu, nyavu na samaki, lile boksi jekundu la plastiki lenye msalaba mweupe mnaloliona kwenye maduka ya vifaa tiba mjini kati nimelinunua kwa hela yangu, sijatumwa na mtu, na limekaa bandani kwetu muda wa kutosha kulijua vizuri. Nalipa nyota 3 kati ya 5. Nunueni, lakini siku hiyo hiyo ongezeni gozi kubwa (vile vitambaa vya kufunikia kidonda) na glovu, maana kwa aina ya damu tunazoziona kazini huku ziwani vilivyomo ndani haviwatoshi.

Kwanza ile namba. Juu wameandika vipande 100 na mtu akiona 100 anaona amepata mzigo wa maana, sasa fungua uone, zaidi ya nusu ni plasta ndogo ndogo za kidole, halafu kuna vipamba vya spiriti vya kwenye pakiti, pini, kijiti cha mbao, mkasi, kibano, bandeji mbili tatu nyembamba, kachupa ka ayodini na gozi chache za sentimita 5 kwa 5. Glovu jozi moja. Jozi moja jamani! Banda lina watu wanaopara samaki kuanzia alfajiri. Na hizo plasta ndogo mkono ukiwa na utelezi wa samaki hazishiki hata dakika, unabandika huku inabanduka kule, utaikuta imeelea kwenye beseni la maji. Kwa mtoto wa shule aliyejikwaruza goti zinafaa sana, kwa mpara sangara hapana.

Nilichojifunza kuhusu hili boksi nimekijua siku kijana mmoja wa pale alipoteleza na kisu cha kuchunia minofu kikaingia pale katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kisu cha minofu mnakijua, chembamba na kinanolewa kila saa, hakichani kinazama. Damu ilitoka haswa. Mama mmoja mchuuzi akasema lete kahawa tumwagie, mwingine akasema majivu, nikawaambia mama zangu naombeni msimwekee kitu. Tukamkalisha chini, nikavaa glovu, nikaweka gozi juu ya kidonda na kukandamiza kwa kiganja changu chote, mkono wake tumeunyanyua juu ya usawa wa kifua. Hapo ndo udogo wa zile gozi ukaonekana, ya kwanza ililowa papo hapo, ya pili ikalowa, nikawa naongeza juu yake bila kutoa za chini, mpaka dada mmoja akaleta kitenge kisafi kimekunjwa nikakiweka juu tukaendelea kubana.

Hapo kwenye kutotoa za chini watu wengi wanaharibu. Damu ikianza kuganda inajenga kizibo pale kwenye mshipa uliokatika, sasa wewe kila baada ya nusu dakika unafunua uangalie imekata au bado, unakibandua hicho kizibo na mnaanza upya. Bana dakika 10 mpaka 15 kwa saa, si kwa kukisia, usifunue. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu, na kama bado inapita basi ujue kiganja chako hakijakaa penyewe au hujakandamiza kwa nguvu ya kutosha. Ikishatulia unafunga bandeji ya kubana kiasi, vidole vikianza kuwa vya baridi au kufa ganzi umekaza mno, legeza kidogo. Bandeji za kwenye boksi hili ni zile za pamba zisizovutika, mkono ukijikunja zinateleza zinabaki kwenye kifundo. Nunueni zile za krepu zinazovutika, zinashika mpaka mtu anafika hospitali.

Na hospitali alienda, Sekou Toure, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeachama midomo na hicho hakifungwi kwa plasta, kinashonwa, tena siku hiyo hiyo. Kabla hajapanda bajaji nilimwambia kijana, mdogo wangu, hebu kunja vidole kimoja kimoja, sasa nyoosha, nikikugusa hapa unasikia? Kisu kwenye kiganja kinaweza kukata mshipa wa fahamu au kano na damu ikakata vizuri kabisa, halafu kidole kikabaki hakikunji maisha. Kama kuna kidole hakisikii au hakitii, mwambieni daktari mapema. Halafu sindano ya pepopunda, msiidharau. Kidonda kirefu au kichafu, na mtu hajachomwa zaidi ya miaka 5 au hakumbuki alichomwa lini, anahitaji kuangaliwa.

Narudi kwenye kahawa na majivu kwa sababu hili linaniuma kweli. Huku kwetu kuna kahawa, majivu, ugoro, mafuta ya taa, dawa ya meno, kila mtu na bibi yake. Nawaelewa, kitu cha unga kikimwagwa kinanyonya damu na inaonekana imekata, lakini umeingiza uchafu ndani ya kidonda, vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama na majivu ya jikoni yanaokotwa chini. Halafu nesi lazima asugue akitoe chote kabla ya kushona, mgonjwa anaumia mara mbili. Shinikizo la mkono linatosha na ni bure.

Jingine ni maji ya ziwa. Mtu kajikata kwenye mtumbwi anachota pale pale anaosha. Ziwa letu lina kichocho na maji ya mwaloni yana kila kitu mnachokijua, kidonda kinaoshwa kwa maji safi ya bomba au ya kunywa, yakitiririka dakika kadhaa mpaka mchanga na magamba yatoke, sabuni unapitisha pembeni ya kidonda. Hiyo ni kwa vidonda vya kawaida ambavyo damu imeshatulia, kinachomwaga damu unabana kwanza, kuosha baadaye. Kwa mtumbwi nashauri dumu dogo la maji safi likae na boksi, kwenye boksi lenyewe hamna maji ya kuoshea hata kachupa, na hilo nimelikata nyota.

Vipamba vya spiriti vimejaa humo, lakini spiriti si ya kumwagia ndani ya kidonda, inaunguza nyama mbichi na inachelewesha kupona. Itumie kufuta kibano. Ayodini nayo pitisha pembeni kwenye ngozi, ndani maji yanatosha.

Kibano sasa. Wote mnaojua gogogo mtanielewa, yule samaki ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ya mbavuni, na ina meno meno kama msumeno, ukimshika vibaya unachomwa na ncha inaweza kukatikia ndani. Hapo unahitaji kibano kinachoshika. Hiki cha kwenye boksi ni cha plastiki laini na ncha zake hazikutani, ukibana zinapishana, mwiba unauona kabisa umechomoza lakini haushikiki. Nimenunua cha chuma pembeni. Mwiba mdogo uliochomoza unauvuta kwa mwelekeo ule ule ulioingilia, ila kitu kikubwa kilichozama, iwe ndoana, chuma au kipande cha chupa, usikichomoe, kinaweza kuwa ndo kimeziba mshipa. Zungushia gozi pande zote kisijitikise, bana pembeni yake si juu yake, mpeleke hivo hivo.

Kilichonikera kuliko vyote ni ule mpira wa buluu. Wameuweka na kwenye karatasi wameuandika kuwa ni wa kuzuia damu nyingi, kumbe ni ule mpira mwembamba wa maabara wa kufunga mkono ukitolewa damu ya vipimo. Huo hauzuii damu ya mshipa mkubwa. Kitu chembamba kikifungwa nusu nusu kinazuia damu inayorudi moyoni tu, inayoenda inaendelea kupita, kwa hiyo jeraha linaweza kutoka damu zaidi ya mwanzo. Mkanda wa kweli wa kubana damu ni mpana, kama sentimita 4, una kijiti cha kusokotea, unafungwa sentimita 5 mpaka 7 juu ya jeraha, si kwenye kiungo, unasokota mpaka damu ikate kabisa, unaandika saa uliyofunga na hulegezi mpaka mikononi mwa daktari. Na ni wa hatari ya kifo tu, mguu au mkono unaomwaga damu ambayo kubana kwa mikono kumeshindwa, kama mtu aliyepigwa na propela ya mashine ya boti. Nawaomba wauzaji muutoe huo mpira humo ndani, mtu ataamini ana kinga kumbe hana.

Glovu nimeshazitaja ila naongeza, damu ya mtu mwingine inaweza kuwa na homa ya ini au virusi vya ukimwi, na pale bandani mikono yetu yenyewe ina michubuko kila siku. Zamani mtu angevaa mfuko wa rambo mkononi, tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2019 hata huo huupati, hivo boksi zima la glovu linunuliwe tu. Kama majeruhi anajiweza, mpe kitambaa abane mwenyewe wakati wewe unavaa.

Malengelenge boksi halijayafikiria kabisa. Vijana wanaovuta kamba za nyavu za dagaa usiku, na mtu akipewa gambuti mpya, hayo ndo maumivu yao ya kila wiki. Lengelenge ambalo halijapasuka liache, ile ngozi ya juu ndo bandeji nzuri kuliko zote, weka gozi na plasta pana juu lisisuguliwe. Likiwa kubwa linauma mpaka mtu hawezi kushika kamba, toboa ukingoni kwa sindano iliyosafishwa, kamua maji taratibu, ngozi usiibandue. Likipasuka lenyewe osha kwa maji na sabuni, funika. Mwenye kisukari asichezee lengelenge la mguuni, aende zahanati.

Damu ya puani ndo nimeitumia nyumbani zaidi kuliko bandani, watoto wakichokonoa pua na huu upepo mkavu wa kiangazi inatoka tu. Karatasi ya maelekezo haina neno kuhusu pua, na hata hayo mengine yameandikwa Kiingereza na Kichina kwa herufi ndogo ambazo mama anayeuza dagaa hawezi kuzisoma huku mtoto analia. Basi nawaandikia hapa: mkalishe, ainamishe kichwa mbele kidogo, ubane ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15 bila kuachia, apumue kwa mdomo, damu ikishuka kooni ateme. Msimlaze chali wala kumwinua kichwa juu, damu inaenda tumboni anaanza kutapika mnazidi kuogopa. Ikikata asipenge wala kuchokonoa siku nzima. Ikipita nusu saa bado inatoka, au imeanza baada ya kugonga kichwa, au mtu anatumia dawa za kulainisha damu, hospitali moja kwa moja.

Mazuri yake sasa, maana yapo. Plastiki yake ni ngumu, kwa huku ziwani boksi la chuma linashika kutu haraka, hili limerushiwa maji na magamba na ndani pamebaki pakavu. Mkasi unakata kweli, umekata hadi mkono wa koti la mvua. Rangi yake inaonekana ukiwa mbali. Na dada wa dukani nampa nyota zake zote, nilimuuliza, dada yangu, naweza kuongeza gozi za sentimita 10 kwa 10 na krepu ukanifungia pamoja, akanipangia upya boksi zima, kile kijiti cha mbao akanibadilishia na tepu pana bila kuniongezea bei. Wenye mabanda mkumbuke pia sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza kazini, kwa hiyo msisubiri mkaguzi.

Mimi nimelichukua kwa 45,000, nyongeza zikanifikisha kama 70,000. Bei inapungua ukiomba kistaarabu. Tarehe ya mwisho ya matumizi ya ayodini na za kwenye pakiti za gozi zisome hapo hapo kaunta kabla hujalipa, na pakiti ya gozi iliyotoboka mrudishie akupe nyingine.