Mpini wa Mwavuli wa Bei: Tathmini Kutoka Duka la James Smith & Sons, London

Mtu anayenunua mwavuli wa bei kubwa kwa kawaida hukagua kitambaa, hujaribu kuufungua na kuufunga mara mbili tatu, hugonga vyuma kwa ukucha, kisha hulipa. Mpini huuangalia mwisho, tena kwa jicho la urembo: rangi ya mti, pete ya fedha, pengine kichwa cha bata kilichochongwa. Mimi naona mpangilio huo ungepinduliwa. Mwavuli uliotengenezwa vizuri hukarabatika, kitambaa chake kikibadilishwa na ubavu uliovunjika ukiwekwa mwingine, lakini mpini usioukubali mkono wako utakukera kila mvua inyeshapo na hakuna fundi atakayeurekebisha. Kwa sababu hiyo tathmini hii inahusu mipini peke yake, na nimeifanyia mahali ambapo mtu anaweza kushika mipini ya aina nyingi kwa wakati mmoja bila kusukumwa anunue.

Duka hilo ni James Smith & Sons, lililoanzishwa mwaka 1830 na ambalo tangu 1857 liko namba 53, New Oxford Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka British Museum. Mbele yake pamebaki kama palivyokuwa enzi za Malkia Victoria, pakiwa na shaba, vioo na maandishi makubwa yanayotangaza miavuli, fimbo za henzirani, vivuli vya jua vya nchi za joto, na hata fimbo zenye upanga ndani, bidhaa ambayo sheria ya Uingereza ilipiga marufuku kuiuza mwaka 1988 isipokuwa zile za kale. Vivuli vya nchi za joto vilinichekesha kidogo, kwa kuwa vilikusudiwa wale waliokuwa wakielekea kwetu. Ndani miavuli na fimbo zimesimamishwa kwa wingi, na wauzaji humwacha mteja ashike anachotaka, jambo ambalo kwa kazi hii lina thamani kuliko maelezo yoyote.

Tuanze na umbo. Mpini unaojulikana zaidi ni ule wa kigoe, uliopinda kama bakora. Mteja akiuchukua dukani, mwavuli ukiwa umefungwa, vidole vyake huenda moja kwa moja kwenye sehemu iliyopinda, na hapo ndipo anapoamua kama unamfaa au la. Lakini mvua ikinyesha na mwavuli ukafunguliwa, kigoe huwa chini na mkono hupanda juu yake, ukashika ile sehemu iliyonyooka kati ya mpindo na mti wa katikati. Hiyo ndiyo sehemu utakayoishika nusu saa nzima ukisubiri basi, na ndiyo ambayo karibu hakuna anayeikagua. Katika miavuli mingi ya bei nafuu huwa fupi, kwa hiyo kidole cha shahada na gumba havina pa kukaa ila juu ya pete ya chuma, au juu ya kile kibati cha springi kinachoushikilia mwavuli ukifungwa. Kibati hicho huchomoza kwenye mti, na ukingo wake ni mkali. Mwavuli mmoja niliowahi kuununua katika duka jingine, ambalo sitalitaja, ulinichubua gumba mahali hapohapo kila upepo ulipoongezeka, kwa kuwa upepo husukuma mkono upande juu bila mwenyewe kutambua.

Ushauri wangu kwa mnunuzi, basi, ni kwamba aombe kuufungua mwavuli ndani ya duka, aachane na imani kwamba kufanya hivyo ni mkosi, aushike kama atakavyoushika barabarani, kisha atazame vidole vyake. Vyote vinne vipate mti mtupu. Kidole kidogo kikianza kugusa mwanzo wa mpindo si vibaya, tena ni vizuri, kwa sababu hapo ndipo kigoe kinapofanya kazi yake halisi. Upepo wa ubavuni hauvuti mwavuli tu, bali huuzungusha, na mpini wa mviringo ulionyooka, hasa ukilowa, huzunguka ndani ya kiganja hata ukiukamata kwa nguvu kiasi gani. Kigoe huziba mzunguko huo kwa kuegemea ukingo wa mkono. Ndiyo maana mipini mifupi iliyonyooka, ile yenye kirungu mwishoni, ingawa ni mepesi na hupendeza, siisifu kwa mtu anayetembea mahali pa wazi penye upepo.

Upana wa mpindo nao una hesabu yake. Mkono uingie wote ukiwa na glavu, ubaki na nafasi kidogo, na kigoe kiweze kuning'inia juu ya mkono wa koti zito la baridi. Nilijaribu vigoe kadhaa vilivyokaa vizuri mkononi lakini vikakataa kupita juu ya sufu nene, na mwavuli usioweza kuning'inizwa mkononi unapolipa nauli au kubeba mfuko hupoteza nusu ya faida ya kuwa na kigoe. Ncha ya kigoe iwe imeviringwa ikawa laini, isiwe imekatwa tu, kwa kuwa ndiyo inayonasa kwenye mfuko wa koti na kuuchana.

Kuhusu mti wenyewe, hapa ndipo duka linapotajirisha macho, na ni rahisi kupotea. Kuna chesnati, mcheri, mepo, hikori ya Marekani, kuna mwanzi wa Asia Mashariki uitwao whangee, na kuna henzirani ya Malacca. Henzirani ndiyo yenye heshima kubwa na bei kubwa. Ni nyepesi, ni ngumu, na ngozi yake ina mng'ao wa asili wenye rangi ya chai inayotofautiana kutoka fimbo hadi fimbo. Nimeishika mara nyingi, na bado nasema kuwa si ninayoipendelea mvua ikiwa kubwa, kwa sababu ulaini ule unaosifiwa hugeuka utelezi kiganja kikilowa. Whangee ni kinyume chake: vifundo vimesongamana, kila kimoja kikiwa kama pete iliyoinuka, na vidole hupata pa kukaa vyenyewe. Wapo wasioupenda, wakisema vifundo hufinya, na kwa mtu mwenye baridi yabisi kwenye viungo vya vidole nawaunga mkono. Kati ya hizo mbili kuna chesnati iliyoachiwa gome lake, ambayo ndiyo niliyoichagua. Gome lina ukwaru kidogo tu, wa kuzuia utelezi bila kukwaruza, na halina vanishi nene. Vanishi nene ni adui wa mpini: siku ya kwanza inang'aa, baadaye huanza kuchubuka pale kiganja kinapotoa jasho, ikaacha kingo ndogo zinazohisiwa na ngozi.

Mipini iliyovishwa ngozi ya mnyama na kushonwa ni mizuri katika baridi kavu. Kwa mtu atakayeupeleka mwavuli wake Unguja, Mombasa au Dar es Salaam simshauri, kwani ngozi iliyokunywa jasho na mvua ya masika, ikawekwa nyuma ya mlango, huota ukungu.

Jambo la mwisho la kukagua ni kiungo. Miavuli imegawanyika katika makundi mawili: ile ambayo mpini umegundishwa au kukazwa juu ya bomba la chuma au mti mwingine, na ile ya fimbo moja nzima, ambapo mti uleule unaanzia kwenye kigoe na kuishia kwenye ncha, huku sehemu ya juu ikipindwa kwa joto. Aina ya pili haina kiungo cha kulegea. Ina uzito zaidi, lakini uzito huo umesambaa, na mwavuli ukiwa umefungwa unaning'inia wima bila kutaka kujipindua. Wala si mzigo kama mtu anavyoweza kudhani, kwa kuwa uzito mkubwa wa miavuli ya zamani ulitokana na mbavu nene, na tatizo hilo lilipungua tangu Samuel Fox wa Stocksbridge, karibu na Sheffield, alipobuni mwaka 1852 mbavu za chuma chembamba zenye umbo la mfereji. Ukichukua aina ya kwanza, shika kitambaa kilichofungwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, kisha pindua taratibu. Kiungo kikicheza hata kidogo, rudisha ulipoutoa.

Bei haina mzaha. Mwavuli wa fimbo moja nzima unazidi pauni 100, na wa henzirani unapanda juu zaidi ya hapo kwa kiasi cha kumfanya mtu akae chini. Kwa anayesahau miavuli kwenye treni, fedha hiyo imetupwa.

Nilikuwa pia na agizo la mjomba wangu wa Tanga, mzee aliyezoea bakora ya mtobwe, ambaye aliniambia kwa simu: "Mjomba, ule wa kukunja usiniletee. Nataka wa kutembelea, mvua ikija niufungue." Muuzaji alinieleza jambo ambalo nalikubali baada ya kujaribu mwenyewe: mwavuli wa kigoe unafaa kwa mtu anayetembea nao kwa mazoea, lakini si kwa anayeegemea kwa uzito wa mwili. Kigoe hukusanya uzito wote kwenye mstari mwembamba wa kiganja, na ncha ya mwavuli ni kipande kidogo cha chuma kinachoteleza kwenye vigae. Mwenye kuegemea anahitaji fimbo yenye kichwa bapa, iitwayo derby, ambayo huutandaza uzito kiganjani, pamoja na kofia ya mpira chini, tena iliyokatwa kwa kimo chake. Fimbo hukatwa papo hapo dukani. Huko Tanga, binti wa mjomba akampima baba yake kwa futi ya fundi cherehani, akiwa amevaa viatu na mkono umelegea ubavuni, kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, na kipimo hicho ndicho kilichotumika. Mwavuli nilimchukulia mwingine mwepesi, wa mpini wa mepo.

Anayekusudia kusafiri nao ajue kwamba mwavuli wa fimbo nzima una urefu wa karibu sentimita 90 na hauingii kwenye sanduku la kawaida. Shirika la ndege liulizwe kabla kama linauruhusu mkononi, na duka liombwe kuufunga kwa karatasi ngumu kuanzia kwenye kigoe, kwa kuwa ndicho kinachogongwa kwanza.