Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo

Nilipeleka simu kioo kimepasuka, jamaa kanibadilishia nusu saa tu, elfu 45, na kile kibovu akanikabidhi mkononi. Ila kilichonigusa, nikiwa bado nimekaa pale kwenye benchi akaja dogo na simu mbili anataka zitolewe loki fasta, anatoa laki. Fundi akabonyeza *#06# akaangalia IMEI, ile namba ya utambulisho wa kila simu, akauliza boksi na risiti viko wapi, dogo kimya. Akazishikilia zile simu muda mrefu, jasho linamtoka, maana kabla ya hapo nilimsikia anaongea na mkewe ada ya watoto haijatimia, mwisho akamrudishia. Akaniambia kaka zamani nilikuwa nazitoa loki hizi za wizi, leo nimeponea chupuchupu. Bei yake imechangamka kidogo lakini jamani tumuungishe.