Mapitio ya Java RMI kwa anayeandika programu yake ya kwanza ya seva na mteja

Java RMI (Remote Method Invocation) ni utaratibu unaoiwezesha programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya Java kuita methodi (kazi zilizopewa majina) za objekti iliyomo ndani ya programu nyingine, iwe kwenye kompyuta hiyohiyo au kwenye nyingine iliyounganishwa nayo kwa mtandao. Sun Microsystems iliuingiza kwenye JDK 1.1, kifurushi cha zana za kuandikia Java, mwaka 1997, na tangu hapo umekuwa ukija pamoja na Java yenyewe, bila kupakua maktaba ya ziada wala kulipia chochote. Mapitio haya yanautazama kwa jicho la mtumiaji mmoja tu: mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuandika seva na mteja, na ambaye programu yake imekataa kufanya kazi. Mtu huyo nampendekezea utaratibu huu, ila aujue mapema udhaifu wake mkubwa, nao ni kwamba ujumbe wa makosa humwonyesha mahali kosa lilipojitokeza na mara chache sana mahali lilipoanzia.

Uzuri wa RMI uko kwenye uchache wa kazi inayotakiwa. Unaandika kiolesura (orodha ya methodi ambazo mteja anaweza kuziita) kinachorithi Remote, klasi inayokitekeleza na kurithi UnicastRemoteObject, seva inayofungua rejista, yaani daftari la majina ya objekti, kwenye poti (mlango wa mtandao) ya 1099 na kuisajili objekti kwa jina, kisha mteja anayelitafuta jina hilo na kuita methodi kana kwamba objekti iko kwake. Hakuna soketi (miunganisho ya mtandao) za kufungua kwa mkono wala baiti za kupanga. Kila methodi ya kiolesura inalazimika kutangaza RemoteException, yaani kosa la mawasiliano ya mbali, jambo ambalo wanaoanza hulilalamikia sana, nami naliona kuwa somo bora kuliko yote yaliyomo humu, kwa kuwa linamkumbusha mtu kila mara kwamba mtandao unaweza kukatika katikati ya mwito. Kasoro ni kwamba kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haisimamii sharti hilo ndani ya kiolesura: ukilisahau, msimbo unapita salama, na seva huja kuanguka inapowashwa, kwa ExportException inayodai kwamba kiolesura chako si halali. Kosa la namna hii lilistahili kukamatwa mapema zaidi.

Tatizo linalowakwamisha wengi ni lile ambalo programu hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja, lakini ikigawanywa kwenye mbili mteja hupata ConnectException yenye maneno Connection refused to host: 127.0.1.1. Mwanafunzi huangalia msimbo wa mteja, huona ameandika anwani sahihi ya seva, na hushindwa kuelewa 127.0.1.1 imetoka wapi. Imetoka kwa seva. Mteja anapolitafuta jina kwenye rejista, hapewi objekti yenyewe bali wakala wake, na ndani ya wakala huyo imeandikwa anwani ambayo seva inaamini kuwa ni yake. Kwenye Debian na Ubuntu faili la /etc/hosts kwa kawaida hulifunganisha jina la kompyuta na 127.0.1.1, kwa hiyo seva humtuma wakala wake akiwa na anwani ambayo, ikisomwa upande wa pili, humrudisha mteja kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Namna ya kulithibitisha ni kuangalia mstari ulioanguka. Ikiwa ni mstari wa lookup, yaani wa kulitafuta jina kwenye rejista, mteja hakuifikia rejista kabisa, na hapo ndipo pa kukagua anwani, poti na kama seva imewashwa. Ikiwa lookup imepita na mwito wa methodi ndio ulioanguka, rejista ni nzima na anwani iliyomo ndani ya wakala ndiyo yenye kosa. Tiba yake ni kuiwasha seva kwa chaguo la -Djava.rmi.server.hostname likifuatiwa na anwani halisi, kwa mfano 192.168.1.20. Chaguo hilo liandikwe kabla ya jina la klasi, kwa sababu kila kinachofuata jina la klasi huchukuliwa kuwa hoja ya main, methodi inayoanzisha programu, na liwekwe kwenye seva, kwani kuliweka kwa mteja hakubadilishi anwani ambayo wakala amekwisha kupewa. Ujumbe wa kosa hautaji hata neno moja kati ya haya, na hilo naliona kuwa pungufu kubwa kwa bidhaa iliyotumika kwa miaka mingi kiasi hiki.

La pili kwa ukubwa linapotosha zaidi. Mteja hupata UnmarshalException, na ndani yake ClassNotFoundException, ambayo katika matoleo mengi ya Java huandamana na maneno no security manager: RMI class loader disabled. Anayeanza huyasoma maneno hayo, akaenda kutafuta namna ya kuweka Security Manager (mlinzi wa Java anayeamua programu iruhusiwe kufanya nini), akaandika faili la sera linaloruhusu kila kitu, na kosa likabaki palepale. Chanzo cha kawaida ni chepesi kuliko hapo: amekinakili kiolesura kutoka mradi wa seva kwenda mradi wa mteja, na wakati wa kunakili amekibadilishia pakeji, yaani kundi ambalo jina lake hutangulia jina la kiolesura. Kwa Java, seva.Kikokotoo na mteja.Kikokotoo ni vitu viwili visivyo na uhusiano hata kama yaliyomo ndani yanalingana herufi kwa herufi. Kiolesura kinapaswa kuwa kimoja, chenye jina kamili lilelile pande zote mbili, na njia salama ni kukiweka kwenye faili moja la jar (furushi la klasi za Java) linalotumiwa na miradi yote miwili. Njia ya Security Manager ilianza kuaga kwenye Java 17 mwaka 2021 na ikafungwa moja kwa moja kwenye Java 24, kwa hiyo anayefuata ushauri huo leo anagonga mlango ambao hautafunguliwa.

Kosa hilohilo likitokea upande wa seva, kwenye mstari wa rebind, ule unaoisajili objekti kwenye rejista, maana yake ni nyingine. Hapo rejista ndiyo isiyokijua kiolesura, kwa sababu amri ya rmiregistry, inayoendesha rejista kama programu ya peke yake, iliwashwa kutoka folda isiyo na klasi za mradi. Kwa anayeanza nashauri amri hiyo iachwe, na rejista ifunguliwe ndani ya seva yenyewe kwa LocateRegistry.createRegistry(1099). Ukiona Port already in use: 1099, seva ya awali bado inaendelea kufanya kazi nyuma ya pazia, amri ya jps itakuonyesha programu zote za Java zilizo hai ili uizime ile isiyotakiwa.

NotBoundException ni suala la jina tu: jina analotafuta mteja halimo kwenye rejista, na herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. NotSerializableException inakuambia kwamba klasi ya kitu unachokituma haijatekeleza Serializable, kiolesura kinachoiruhusu Java kukigeuza kitu kuwa baiti za kutumwa. Na ikiwa maelekezo uliyopewa yanakutaka uendeshe rmic, chombo cha kutengeneza klasi za wakala, yamepitwa na wakati, kwani kazi hiyo haikuhitajika tena tangu Java 5 ya mwaka 2004, na chombo chenyewe kiliondolewa kwenye Java 15.

Upande wa mtandao, wengi hufungua poti ya 1099 kwenye faiawoli wakadhani wamemaliza. Rejista iko kwenye 1099, lakini objekti huchukua poti nyingine inayochaguliwa kiholela kila seva inapowashwa. Iandikie poti maalumu kwenye konstrakta (sehemu ya klasi inayounda objekti), kwa mfano super(1100), kisha uzifungue zote mbili. Baadhi ya mitandao ya Wi-Fi ya vyuoni pia huzuia kompyuta mbili zilizounganishwa kuzungumza moja kwa moja, na hapo msimbo hauna kosa lolote. Jaribu kwa hotspot ya simu kabla hujaandika upya mstari hata mmoja.

Kuna zana mbili za uchunguzi zinazostahili sifa na ambazo hazitajwi vya kutosha. Ya kwanza ni -Djava.rmi.server.logCalls=true, inayoifanya seva ichapishe kila mwito unaoingia, na hivyo kukuonyesha papo hapo kama mwito ulifika au ulipotelea njiani. Ya pili ni orodha ya mistari ya kosa yenyewe: kosa linapotokea ndani ya methodi kwenye seva, Java humletea mteja mistari ya pande zote mbili, na mstari wenye neno exceptionReceivedFromServer ndio mpaka kati yao. Vilivyo juu yake vilitokea kwenye seva, vilivyo chini ni vya mteja.

RMI haikufai ikiwa mteja ataandikwa kwa Python au seva itawekwa wazi kwenye intaneti. Kwa kazi hizo kuna gRPC, utaratibu wa kuita methodi za mbali unaofanya kazi kati ya lugha tofauti, iliyotolewa na Google mwaka 2015, ingawa inadai hatua zaidi kabla ya mwito wa kwanza kupita.

Limebaki kosa moja ambalo halitoi ujumbe wowote, na kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kuliko mengine. Miito ya wateja tofauti inaweza kuendeshwa kwa wakati mmoja kwenye thredi (nyuzi za utekelezaji ndani ya programu moja) tofauti, kwa hiyo kaunta ya kawaida ndani ya objekti inaweza kupoteza hesabu huku kila kitu kikionekana kwenda sawa. Washa wateja wawili kwa pamoja, kila mmoja aite methodi ya kuongeza mara 10,000, kisha usome jumla kwenye seva. Ikiwa pungufu ya 20,000, methodi hiyo inahitaji synchronized, neno linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati, au kaunta ibadilishwe iwe AtomicInteger, namba ambayo kuongezwa kwake hakukatizwi na thredi nyingine. Hata ikitimia, rudia jaribio mara kadhaa, kwa kuwa hasara ya aina hii huja na kuondoka kutegemea kasi ya mashine.