Seiko 6139 ya mwaka 1974: nimeivaa Mtwara, haya ndiyo niliyoyaona

Huku kwetu ukitaja saa ya Seiko, mtu anakumbuka Seiko 5 ya babu yake. Hii ni ya ukoo huohuo, ila ina vitufe viwili ubavuni vya kupimia muda, uso wa buluu, na duara la nje la buluu na nyekundu. Niliinunua Mikindani kwa mzee aliyekaa melini miaka mingi. Alianzia laki sita, tukavutana mpaka laki nne, na nikanywa kahawa yake juu.

Mgongoni namba yake inaanza na 46, yaani mwaka unaoishia na 4, mwezi wa sita. Kwa kuwa aina hii ilitengenezwa kati ya 1969 na mwishoni mwa miaka ya 1970, hiyo ni Juni 1974. Muuzaji akikwambia mwaka mwingine, mwombe aigeuze.

Mwaka 1969 kampuni kadhaa zilikuwa zikikimbizana kutoa saa ya kupimia muda inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Zenith walitangaza El Primero mwezi Januari. Heuer, Breitling na wenzao wakatangaza yao Machi. Seiko hawakupiga kelele, ila kufikia mwezi Mei, 6139 ilikuwa tayari inauzwa Japani. Nani alikuwa wa kwanza? Wapenzi wa saa wanabishana hilo kama Simba na Yanga.

Kuna na habari ya Kanali William Pogue, mwanaanga wa Marekani aliyeondoka na safari ya anga ya Skylab 4 Novemba 1973 akakaa angani siku 84. Mkononi alikuwa na 6139 yake mwenyewe yenye uso wa njano, bila idhini rasmi ya NASA. Habari ni ya kweli, lakini wauzaji wanaipandishia bei hata kwa saa iliyokufa. Mimi ya njano siitafuti.

Sasa matumizi. Naivaa sana nikienda mpirani Nangwanda Sijaona. Refa akipuliza nabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu unaondoka papo hapo, haurukiruki. Shida ni kisahani cha dakika, kinaishia 30. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kinakwisha pale mshale mdogo unapofika 15 mara ya pili. Ukishazoea hupati tabu, ila jirani akiuliza "dakika ya ngapi?" unajumlisha kwanza ndiyo umjibu.

Jambo lingine, haina mshale wa sekunde wa kawaida. Kama hujawasha kipimo, huwezi kujua kwa haraka kama saa inatembea au imelala. Mimi nauacha ule mrefu uzunguke siku nzima, maana mashine hii imeundwa kuvumilia hivyo. Haitiwi ufunguo pia. Ikilala unaitikisa kidogo, inaamka. Tarehe unabadilisha kwa kubonyeza kile kichwa cha pembeni kidogo, siku kwa kukibonyeza mpaka mwisho.

Matengenezo ndiyo yenye kazi. Fundi saa wangu wa hapa mjini, ambaye kutwa nzima anabadilisha betri, aliifungua mgongo, akaiangalia kwa lenzi yake ya jichoni, akaifunga. "Kijana wangu, hii ya kipimo siigusi. Nikikudanganya nitakuharibia." Namheshimu sana kwa neno lile. Ndani yake klachi ya kipimo, yaani kile kinachouunganisha mshale mrefu na mashine, ni kipande kimoja ambacho hakitakiwi kufumuliwa, na fundi asiyelijua hilo anakurudishia saa yenye mshale usiorudi kwenye 12. Niliituma Dar kwa basi, nikalipa laki na nusu kwa usafi, mafuta na mipira mipya ya kuzuia maji. Sasa inawahi kama sekunde kumi na tano kwa siku. Kwa umri wake, sina neno.

Mipira hiyo msiidharau. Jasho na chumvi ya pwani hupenya kwenye vitufe kabla hata hujafikiria kuogelea. Maandishi ya kustahimili maji mgongoni yaliandikwa saa ikiwa mpya, mimi hata mikono nanawa nikiwa nimeivua.

Ukienda kununua, washa kipimo, kisimamishe, kirudishe, na mishale yote miwili irudi sawasawa. Zungusha pete ya ndani kwa kile kichwa, maana kwa nyingi imeshagoma. Kisha angalia uso wa saa. Kama unang'aa kama sahani mpya na herufi zake ni nene nene, umepakwa rangi upya, uache. Mikwaruzo na weupe uliogeuka manjano mimi navipokea kwa mikono miwili.

Sasa naitafuta 6138, yenye visahani viwili. Hiyo inatiwa ufunguo na inahesabu muda wa mpaka saa kumi na mbili mfululizo, kwa hiyo mechi nzima na dakika za nyongeza inameza. Kama kuna mtu Lindi au Masasi ameiona kabatini kwa mzee wake, aseme tupatane bei.