Rekodi ipi ya Simfoni ya Tisa ya Dvořák inunuliwe kwanza

Mtu anayetaka kununua rekodi moja tu ya Simfoni ya Tisa ya mtunzi Mcheki Antonín Dvořák, ile iitwayo "Kutoka Ulimwengu Mpya", anasumbuliwa na wingi wa rekodi zilizopo. Kazi hii imerekodiwa na karibu kila okestra kubwa na karibu kila mwongozaji mwenye jina, na idadi kubwa ya rekodi hizo zimepigwa vizuri kiasi kwamba huwezi kusema ni mbaya. Ndiyo maana ushauri wa "nunua yoyote, zote zinafanana" husikika mara kwa mara, nami naupinga kwa nguvu zote, kwa sababu rekodi hizi hazifanani hata kidogo pale panapohusika, yaani katika sehemu ya pili, Largo. Mwongozaji aliyeifahamu Largo huwa ameifahamu simfoni nzima, na aliyeikosea hawezi kuokolewa na kelele za sehemu ya nne, hata zikiwa za kusisimua namna gani.

Kosa lenyewe lina chanzo chake. Dvořák aliwasili New York mwezi Septemba 1892 kuongoza chuo cha muziki kilichoanzishwa na Jeannette Thurber, na huko alisikiliza kwa makini nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi zilizoimbwa na Harry Burleigh, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Simfoni ilikamilika Mei 1893 na ikapigwa kwa mara ya kwanza Carnegie Hall, tarehe 16 Desemba mwaka huohuo, chini ya uongozaji wa Anton Seidl. Wimbo mkuu wa Largo ni utunzi wa Dvořák mwenyewe, lakini mwaka 1922 William Arms Fisher, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliutilia maneno ya kurejea nyumbani, na tangu hapo wasikilizaji wengi, pamoja na waongozaji kadhaa, wameuchukua kama wimbo wa maziko. Unapochukuliwa hivyo, mwendo hupungua na kuzidi kupungua mpaka sauti zinakatika pumzi. Mtunzi hakutaka hivyo: aliandika kipimo cha mapigo 52 kwa dakika, mwendo wa taratibu ambao bado unamruhusu mwimbaji kumaliza mstari kwa pumzi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, sikiliza Largo kwanza, nayo usiisikilize kijuujuu. Inaanza kwa koodi chache nzito (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za ala za kupuliza, zinazohama kutoka mahali simfoni ilipokuwa hadi mahali pengine kabisa, kisha fidla zilizofungwa vizibo zinatandika sauti laini, na ndipo koranglei, ndugu wa obo mwenye sauti ya chini zaidi, inapouanza ule wimbo. Angalia kama mpigaji anauimba au anauonyesha. Kuuimba ni kuacha mstari uende wenyewe, na kuuonyesha ni kuukokota kila noti ya mwisho ili msikilizaji aone huzuni iko wapi. Halafu ruka hadi katikati, ambapo besi zinadonolewa kwa vidole chini ya wimbo mwingine wa kutembeatembea: hapo mwendo ukizama, muziki hugeuka msafara uliochoka. Mwisho nenda karibu na tamati, pale wimbo unaporudi kwa fidla chache tu na kukatizwa na vimya, kana kwamba anayeuimba ameshindwa kuendelea. Vimya hivyo vinauma endapo tu wimbo ulikuwa ukisonga kabla yake. Ukikokotwa tangu mwanzo, mtu hawezi hata kutambua kwamba umesimama. Rekodi nyingi huchukua kati ya dakika 11 na 13 kwa Largo, na muda huo huandikwa kwenye jalada au kwenye ukurasa wa albamu, kwa hiyo ni jambo la kwanza ambalo mnunuzi anaweza kulikagua bila hata kusikiliza.

Mambo mengine ya kukagua ni mafupi. Katika sehemu ya kwanza Dvořák aliandika alama ya kurudia kurasa za mwanzo, na waongozaji wengi wa zamani waliipuuza. Mimi napenda irudiwe, ingawa sitaikataa rekodi nzuri kwa sababu hiyo pekee. Katika sehemu ya nne kuna pigo moja tu la matoazi katika simfoni nzima, tena si la nguvu, na rekodi ambayo pigo hilo linasikika kwa uwazi ni rekodi iliyosimamiwa na mhandisi makini. Koodi ya mwisho kabisa nayo imeandikwa ipungue hadi inyamaze, kwa hiyo mwongozaji anayeimaliza kwa kishindo hajausoma ukurasa wa mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusitasita, rekodi ya Karel Ančerl na Okestra ya Filamoni ya Cheki, iliyofanywa Prague mwaka 1961 kwa lebo ya Supraphon. Okestra hii ilikuwa na sauti yake ya pekee wakati huo: pembe zilizotetemeka kidogo mfano wa sauti ya binadamu, klarineti na obo zenye ukali mtamu, na fidla zisizotafuta unene wa sauti. Ančerl anaipiga Largo kwa unyoofu ambao mara ya kwanza unaweza kuonekana kama ukavu. Koranglei inaimba bila kujipamba, vimya vya mwisho vinakuja bila kutangazwa, na baada ya kuisikia mara kadhaa unatambua kwamba hakuna kitu kilichokosekana. Mtu huyu alipitia kambi za Wanazi za Terezín na Auschwitz, ambako alimpoteza mkewe na mtoto wake. Sipendi kutafuta wasifu wa mpigaji ndani ya kila noti, lakini nashukuru kwamba mwenye sababu zote za kulia katika muziki huu ndiye aliyekataa kulia kwa niaba ya msikilizaji. Sehemu ya tatu ina wepesi wa ngoma za vijijini, na sehemu ya nne inakwenda kwa kasi isiyo na papara. Sauti ya kurekodi ni ya stereo ya mwanzoni, yenye ukavu kidogo kwenye ala za shaba, kwa hiyo tafuta toleo lililosafishwa upya, hasa lile lililotoka katika mfululizo wa Ančerl Gold Edition.

Nafasi ya pili ni ya Rafael Kubelík na Okestra ya Filamoni ya Berlin, mwaka 1972, kwa Deutsche Grammophon. Kubelík alikuwa Mcheki aliyeihama nchi yake mwaka 1948, na hapa anaikalisha lugha ya Kicheki kwenye kinywa cha okestra ya Kijerumani kwa namna ambayo ningedhani haiwezekani. Sauti ni nene na yenye joto kuliko ya Ančerl, na Largo ina kina kikubwa zaidi cha fidla, ila mwendo haulegei. Kuna faida nyingine ya kimanunuzi ambayo ni vigumu kuidharau: rekodi hii mara nyingi huuzwa pamoja na Simfoni ya Nane aliyoirekodi na okestra hiyohiyo, na Nane yake ni miongoni mwa zilizo bora kabisa. Kwa mtu asiyekuwa na Dvořák yeyote nyumbani, diski hiyo moja inampa simfoni mbili zilizo katika kiwango kimoja. Iwapo sauti ya zamani inakusumbua masikio, igeuze orodha yangu na uanze na Kubelík, sitakulaumu.

István Kertész na Okestra ya Filamoni ya Vienna, kwa Decca, pia mwaka 1961, anashika nafasi ya tatu, na najua wapo watakaosema nimemdhulumu, kwa maana wengi humweka juu ya wote. Mhungari huyu alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu alipoirekodi, na ujana huo unasikika kwa uzuri wake wote: ngoma zinapiga kama radi katika utangulizi, pembe za Vienna zinawaka, na sehemu ya nne ina msisimko usiopatikana kwa Ančerl wala kwa Kubelík. Wahandisi wa Decca nao walifanya kazi ambayo hata leo inasimama bila aibu mbele ya rekodi mpya. Kilichomweka nyuma ni kwamba Largo yake ni nzuri kwa jinsi ya mandhari, ukiitazama kutoka dirishani, wakati ile ya Ančerl inakukalisha ndani yake. Anayetafuta zaidi moto kuliko wimbo ampandishe hadi nafasi ya kwanza. Mnunuzi awe mwangalifu, kwani Kertész aliirekodi tena kazi hii na Okestra ya Simfoni ya London katika miaka ya 1960, na rekodi zote mbili ni za Decca zenye jina lake; ile ya London ina marudio ya sehemu ya kwanza na utulivu zaidi, lakini haina ule moto. Lisome jina la okestra kabla ya kulipa.

Ferenc Fricsay na Okestra ya Filamoni ya Berlin, mwaka 1959, namtaja kwa heshima kubwa na kwa onyo. Hakuna anayeshikilia mstari kwa nguvu kama yeye, na hakuna anayebadilisha mwendo mara nyingi kama yeye. Anaongeza, anapunguza, anasimama, anakimbia, na karibu kila mara ana haki, maana kila badiliko linatoka ndani ya sentensi ya muziki yenyewe. Ni rekodi ya kununua baada ya kuijua simfoni. Ukiisikia kwanza, zote nyingine zitaonekana zimelala, na hilo litakuwa si haki kwao. George Szell na Okestra ya Cleveland, mwaka 1959, yuko upande wa pili kabisa: usahihi ambao kila noti ya pembetatu ya chuma katika sehemu ya tatu inasikika mahali pake, ilhali joto ni kidogo. Ninamheshimu kuliko ninavyompenda.

Wanaotaka rekodi ya zama hizi, yenye utulivu wa nyuma usio na mvumo wa tepu, wana chaguo mbili ninazoziamini. Jiří Bělohlávek aliirekodi na Okestra ya Filamoni ya Cheki katika mkusanyiko wa simfoni zote tisa uliotolewa na Decca mwaka 2014, na kumsikia baada ya Ančerl ni kusikia jinsi okestra ileile ilivyobadilika: pembe hazitetemeki tena kama zamani, lakini upole wa kuimba umebaki. Nikolaus Harnoncourt na Okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, mwaka 1999, ndiye niliyemwona mwenye fikra mpya zaidi. Anayafuata marudio ya sehemu ya kwanza, anazipa ala za kupuliza nafasi ya kusema mambo ambayo kwa kawaida hufunikwa na fidla, na Largo yake inaenda kwa unyenyekevu mkubwa.

Kuna Leonard Bernstein wawili, nao hawapaswi kuchanganywa. Wa mwaka 1962, akiwa na Okestra ya Filamoni ya New York, ndiyo okestra iliyoizindua simfoni hii, ni wa kusisimua na wa kupendeza. Wa mwaka 1986, akiwa na Okestra ya Filamoni ya Israel, anaifikisha Largo karibu dakika 18. Ni tendo la mapenzi makubwa, sina shaka nalo, lakini ndani yake yamo yote niliyoyaonya hapo juu, na asiyeijua kazi hii akianza nayo atadhani Dvořák aliandika muziki wa kulala.

Kuhusu namna ya kununua, diski na faili zisizobanwa ubora zinafaa kuliko faili zilizobanwa sana, kwa sababu ya kurasa za mwisho za Largo, ambapo besi zinabaki na koodi ya chini kabisa na ubanaji huimeza. Ukisikiliza kupitia huduma za mtandaoni, zingatia kwamba rekodi moja huwekwa mara nyingi, kwa matoleo tofauti ya usafishaji, na kwamba nakala za bei ya chini za rekodi za zamani wakati mwingine zimetolewa kwenye santuri iliyochakaa. Jina la lebo ya asili likikosekana, pita. Kwenye santuri zenyewe kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Kabla simfoni za ujanani za Dvořák hazijaingizwa kwenye hesabu, kazi hii ilihesabiwa kuwa ya tano, na santuri nyingi za zamani zimeandikwa hivyo, ikiwemo ya Václav Talich na Okestra ya Filamoni ya Cheki ya mwaka 1954, ambayo ni ya mono, yaani sauti ya njia moja, si stereo, na ambayo ningeipendekeza kwa yeyote aliyekwisha kununua rekodi mbili za juu. Usitazame namba peke yake: tafuta opasi 95 (namba ya kazi katika orodha ya mtunzi), katika E mina.