Gereji iliyotaka kunishushia injini kwa kelele ya sekunde tatu

Naandika bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Jina la gereji siweki, ipo njia ya Singida huku Dodoma, waliowahi kupeleka gari pale wataijua tu.

Gari yenyewe ni Toyota IST, hizi za kila mtu, sina cha kueleza. Ilikuwa kipindi cha baridi, mwezi wa sita au wa saba hivi, na wa Dom mnaijua ile baridi ya saa kumi na mbili asubuhi yenye upepo wa kukata masikio. Nikiwasha tu, kraaaa, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo la Blue Band. Sekunde mbili, tatu, kimya. Injini inatulia kama sio yenyewe. Naenda Mtumba kazini, nikiwasha mchana hamna kitu, jioni hamna kitu, kesho asubuhi tena kraaaa. Jirani akaanza kunitania eti siku hizi hawategi alamu, wanasubiri mimi niwashe gari.

Basi jumamosi moja nikatoka nayo Ilazo mpaka pale gereji, nimekatiza mji mzima na foleni yote ile, nafika saa sita mchana injini ina moto balaa. Namweleza fundi, kijana tu wa kumzaa kama ningeanza mapema, namwambia kelele inatoka asubuhi tu gari ikiwa imelala. Hata sijamaliza kashafungua boneti, kawasha, kainamisha sikio kama dakika moja, akasema "bering za konrodi hizo, zimeisha." Konrodi ni vile vyuma vinavyoshika pistoni ndani kabisa ya injini. Eti niweke nusu injini kutoka Japani, milioni moja na laki nane, ufundi mbali.

Nikamuuliza umesikia nini, maana mimi hapa sisikii kitu. Akanionyesha ile tik tik tik ndogo. Sasa ile tik tik gari inayo toka nimeinunua, ni noseli zinapiga mafuta! Nikasema fundi kwanini nisiiache ilale hapa muiwashe kesho asubuhi ikiwa ya baridi? Ndio akasema sasa. "Mama, nyie wanawake bwana, hata redio ikikwaruza mnasema injini, halafu ukiambiwa injini ndio hii unabisha." Wale vijana wake wakacheka. Mmoja kacheka mpaka kaangusha spana. Mimi nimesimama pale juani na kipochi changu, nimemzidi umri, shikamoo yenyewe sijapewa, nachekwa.

Nililia kwenye gari, sifichi. Sijui ni hasira au ile milioni moja na laki nane.

Wiki iliyofuata kaka yangu akanielekeza kwa mzee mmoja Kizota, gereji yake ni mti na turubai, ukiiona unaweza kugeuza gari. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho yule mwingine kilimshinda kusema: iache ilale, asiiwashe mtu. Kesho yake nikaenda na bodaboda saa kumi na mbili kasoro natetemeka. Mzee akagusa injini kwa kiganja kuhakikisha imepoa, akachomoa stiki akatazama oili ipo, akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini mpini sikioni, akasema washa. Kraaaa! Kimya. Akacheka, ila sio kunicheka mimi.

Akanieleza taratibu. Ingekuwa bering za konrodi, gari ikishika moto oili inakuwa nyepesi na ndio ingegonga zaidi, hasa ukikanyaga mafuta mlimani. Ingekuwa mkanda ungelia wiiii. Ingekuwa gasketi ya manifodi, pale moshi unapotokea kwenye injini, inavuja ingepiga tak tak mpaka chuma kipate moto kitanuke, sio sekunde tatu. Ya sekunde tatu ni oili haijafika juu. Usiku yote imeshuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na tenshena, kile kidude kinachokaza cheni ya ndani ya injini, inasukumwa na presha ya oili, sasa presha ikichelewa cheni inalegea, inachapa chapa mpaka oili ifike. Akaniuliza sevisi umefanya wapi mara ya mwisho?

Nadhani mshajua. PALE PALE.

Akafungua ile filta akaikata kwa msumeno wa chuma mbele yangu. Ndani kunatakiwa kuwe na kimpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Cha kwangu kigumu kama ganda la muhogo, hakizuii chochote. Na oili waliyonimwagia ni 20W-50, wakati mfuniko wa oili wa gari umeandikwa 5W-30, yaani oili nzito ndio ichelewe zaidi na baridi yetu hii. Akabadilisha vyote viwili, ufundi akaniambia nipe ya chai. Kesho asubuhi nawasha, kimya. Nikazima nikawasha tena, siamini.

Sasa ngoja niwe mkweli maana mume wangu atasoma hii. Siku ile ya sevisi yule kijana aliniuliza, mama tuweke filta orijino au hii ya elfu tano? Mimi ndio nilisema weka hiyo ya elfu tano, mwisho wa mwezi. Kwahiyo kwenye filta simlaumu sana. Ila oili hakuuliza! Na kama wiki tatu baadaye kelele ikarudi asubuhi moja, kidogo tu, nusu sekunde, mzee akasema inawezekana na tenshena imeanza kuchoka, tuisikilizie. Kwahiyo labda kuna kitu kweli humo ndani, sijui. Lakini tenshena sio nusu injini jamani! Na hata angekuwa amepatia, angepatia kwa kubahatisha, kelele yenyewe hajawahi kuisikia mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi AC imeanza kutoa hewa ya moto, na mzee wa Kizota AC hagusi, na kwa AC huku mjini yule kijana ni hatari, hilo siwezi kumnyima. Itabidi gari irudi pale. Ntampa mume wangu aipeleke, ambaye hata oili inamiminwa wapi hajui, tuone kama watamcheka.