Matofali ya risasi ya mjini Mtwara: nilitaka chubwi, nikauziwa zinki

Nianze na la muhimu kwa asiye na muda: ukinunua risasi iliyokwisha kuyeyushwa na kumiminwa matofali kwenye duka lile la vyuma chakavu, unanunua mbuzi kwenye gunia. Jina silitaji. Wavuvi wa mjini wanalijua.

Nilichukua kilo 12 mwishoni mwa kusi, za kumimina machubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, ya gramu 250 kila moja. Huku upande wa Msimbati mkondo ukishika, chubwi jepesi halifiki chini. Mshipi unalala ubavu, chambo kinaogelea katikati ya maji, na changu wako chini wanakusubiri. Kwa hiyo gramu 35 zikipungua, kwangu si jambo dogo. Na ndizo zilizopungua: machubwi yalikuja na gramu 215, mengine chini ya hapo, ngozi imekunjamana kama bibo lililoanikwa juani, na ncha inayoshika waya haikujaa.

Kwanza nililaumu kalibu, lile umbo la kumiminia, na fundi aliyeichonga naomba anisamehe. Makunyanzi kwa kawaida hutokana na ubaridi, wa kalibu au wa risasi yenyewe. Kalibu ya alumini inawekwa ukingoni mwa jiko mpaka ipate joto sawasawa pande zote mbili, kisha machubwi matatu manne ya mwanzo hurudishwa kwenye sufuria bila kuyahesabu, maana hayo kazi yake ni kupasha kalibu. Nikafanya hivyo. Nikafukiza matundu kwa moshi wa koroboi ili risasi iteleze. Makunyanzi yaleyale. Nikaongeza mkaa, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa: juu ya sufuria pakawa na uji wenye madonge, mzito, wa kijivu. Unauengua, unarudi. Unatia kipande cha nta ukubwa wa punje ya korosho, unakoroga kwa kijiti kikavu mpaka moshi uishe. Kwenye risasi safi, uchafu ungepanda juu kama unga mweusi na chini ungebaki uso unaong'aa kama kioo. Huu wangu uji ulibaki uji.

Hiyo ni zinki. Haihitaji maabara.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki karibu 420. Maana yake, ukiyeyusha vyuma mchanganyiko kwa moto wa wastani, risasi inakuwa maji huku vipande vya zinki vikielea vizima juu yake, kwa sababu zinki ni nyepesi. Unaviokota kwa upawa, basi. Lakini ukipuliza mkaa kama mhunzi mpaka ukapita hizo 420, zinki nayo inaingia ndani, na ikishaingia kiasi kidogo tu kinatosha: risasi inakataa kujaza pembe za kalibu. Huyu muuzaji ndicho anachofanya. Anatupa kila kitu kwenye pipa moja, hasa vile vipande vya kubalansia matairi, ambavyo zamani vilikuwa vya risasi na siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, anachochea moto, anamimina matofali mazuri ya mraba. Mnunuzi hana tena cha kuchambua. Wazee wa Majimaji waliahidiwa kuwa risasi itageuka maji. Mimi niliomba igeuke maji ndani ya sufuria tu, ikagoma.

Kosa langu ni kwamba sikulipima tofali palepale dukani, na vipimo vyenyewe ni rahisi. Kwaruza kwa ukucha: risasi laini inaacha mfuo unaong'aa, ngumu haitishiki. Dondosha kwenye sementi: risasi inasema "pu" kama embe bivu, zinki inalia. Kata ukingo kwa kisu: risasi inachongeka kama sabuni ya mche. Na ukiwa na asidi ya betri, tone moja kwenye zinki linachemka mapovu, kwenye risasi linatulia tu.

Nilirudi na matofali mawili na chubwi moja la aibu. Yule kijana hata hakulishika. "Mjomba, risasi ni risasi. Unataka laini ya nini, kwani unapiga gobore?" Wenzake wakacheka.

Haya, na tuseme napiga gobore. Huko ndiko asingemuuzia mtu kabisa! Bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo yenye mifuo ndani ya mtutu, zile za zama za Minié, Mfaransa aliyebuni risasi za namna hiyo, hutumia risasi yenye kitako chenye shimo. Baruti ikiwaka, kitako kinatanuka na kushika mifuo. Kitako hakitanuki kama risasi si laini. Ngumu inapita inayumba tu. Kwa hiyo hata kejeli yake ilikuwa inanitetea mimi. Na wenye majarife, zile nyavu kubwa, nao wanajua: risasi ya kugonga kuzunguka kamba ya chini ikiwa na zinki haikunjiki, inapasuka mkononi.

Sasa niseme kweli hata kama nimekasirika. Kwa machubwi manene yasiyo na ncha, matofali yale yangefaa kwa namna fulani, ukiyapasha moto zaidi na ukakubali sura mbaya na uzito pungufu. Na kwenye rundo hilohilo la muuzaji, vitu ambavyo hajavigusa kwa moto ni vizuri. Magamba ya risasi ya nyaya nene za zamani, yale yanayokunjika kwa vidole, yalinitoa kimasomaso. Kalibu ileile, jiko lilelile, chubwi la tano likaja na gramu 248, ngozi laini. Kalibu haikuwa na kosa, ila kasoro moja: haina njia za hewa. Nilikwaruza mistari miwili myembamba kwa ncha ya jino la msumeno kutoka kwenye ncha ya tundu hadi nje, nyembamba kiasi kwamba hewa inapita na risasi haipiti, na ile ncha ya waya ikaanza kujaa. Waya wenyewe uwe wa shaba. Wa chuma chumvi inaula na chubwi linabaki baharini.

Nyie mnaoanza: sufuria iwe ya chuma, si ya alumini, na kila kinachoingia kwenye risasi iliyoyeyuka kiwe kikavu, hata upawa. Maji yakizama chini yake yanageuka mvuke mara moja na risasi inakurukia usoni. Sahani za betri msiyeyushe kabisa, moshi na majivu yake ni sumu nyingine tofauti. Watoto wakae mbali upande upepo unakotoka, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Matofali yaliyobaki alikubali kuyachukua, lakini kwa bei ya chakavu, baada ya kuniuzia kwa bei ya risasi. Aliyapima kwa mizani ileile na safari hii yakapungua nusu kilo. Nilikuwa nimeanza kumsamehe. Magamba ya nyaya nitaendelea kununua kwake, kwa kuwa hapa mjini sijaona mwingine mwenye nayo, ila naenda na mizani yangu.